Peptidi za kuamsha homoni ya kukua: zinafanya kazi gani, na kwa nini haziponyi bwaki

Mtu akifungua simu na kuandika maneno ya kutafuta dawa ya kuongeza urefu ao nguvu, hakawii kukutana na picha za chupa ndogo zenye unga mweupe. Majina yake ni magumu kidogo: sermorelini, ipamorelini, CJC-1295, GHRP-6. Wauzaji wanasema unga huo ukichanganywa na maji na kupigwa sindano unaamsha homoni ya kukua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna maneno mengine: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Katika Kivu Kusini, jambo hili si la wanamichezo peke yao. Kuanzia Uvira mjini mpaka Sange na Luvungi katika bonde la Ruzizi, wazazi wengi wanajua wasiwasi wa kusema "huyu mutoto hakomei". Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo nzima watoto 43 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko inavyofaa kwa umri wao. Kivu Kusini ilikuwa kati ya majimbo yaliyopita nusu. Kwa hiyo mzazi akisikia kwamba kuna sindano inayoamsha kukua, ni haki yake kuuliza: itasaidia mutoto wangu?

Jibu la sayansi ni hapana, na sehemu kubwa ya ujuzi wa jibu hilo imepatikana katika Afrika.

Peptidi ni kitu gani?

Nyama, samaki, maharagi na maziwa vina protini. Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga, na kila ushanga unaitwa asidi-amino. Mkufu ukiwa mfupi, wenye shanga chache, unaitwa peptidi. Mwili unatengeneza peptidi nyingi na kuzitumia kama ujumbe kutoka kiungo kimoja mpaka kingine.

Homoni ya kukua yenyewe ni mkufu wa shanga 191. Inatoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa pituitari. Lakini tezi hiyo haitoi homoni ovyo. Inangoja amri ya ubongo, na amri hiyo ni peptidi ya shanga 44 inayojulikana kwa herufi GHRH. Wanasayansi waliitafuta kwa miaka mingi, kumbe ilipatikana mwaka 1982 mahali ambapo hawakutazamia: katika uvimbe wa kongosho wa wagonjwa wachache waliokuwa na homoni ya kukua kupita kiasi. Mmoja wa wagonjwa hao alipasuliwa Lyon, Ufaransa, na uvimbe wake ulichunguzwa na kundi la Roger Guillemin, Mfaransa aliyefanya kazi Marekani.

Peptidi inaweza kutengenezwa maabarani bila kuitoa mwilini mwa mtu. Mkemia Mmarekani Robert Bruce Merrifield alionyesha njia hiyo mwaka 1963: ushanga wa kwanza unashikizwa kwenye punje ndogo ya plastiki, kisha nyingine zinaongezwa mmoja mmoja, na uchafu unasafishwa kila mara. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kwa njia hiyo, wanasayansi waliona kwamba shanga 29 za kwanza za GHRH zinatosha kuamsha tezi. Ndiyo sermorelini.

GHRP-6 ina shanga 6 tu, na ipamorelini ina 5. Hizo zilitokana na njia nyingine. Daktari Cyril Bowers wa New Orleans na wenzake walivumbua peptidi ndogo zilizoamsha homoni ya kukua, lakini hawakujua zinafungua mlango gani mwilini. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 1996. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakapata mwenye ufunguo: homoni inayotoka tumboni, iliyopewa jina grelini. Ni hiyo hiyo inayopanda wakati mtu ana njaa. Kwa maneno mengine, tumbo tupu linaongea na tezi ya kukua.

Ujumbe unapita wapi?

Tufikirie nyumba inayojengwa. Mwenye nyumba ni ubongo. Anatuma neno kwa kapita, na kapita anawaambia mafundi waanze kupandisha ukuta. Mwilini, kapita mkubwa ni ini. Homoni ya kukua ikifika kwenye ini, inashika kwenye kipokezi chake, na ini linatoa ujumbe wa pili unaoitwa IGF-1. Ujumbe huo, pamoja na IGF-1 inayotengenezwa ndani ya mifupa yenyewe, ndio unaofanya ncha laini za mifupa ya mtoto ziongezeke.

Kwa hiyo, ili mtoto arefuke, mambo manne yanahitajika: ubongo utume amri, tezi itoe homoni, ini lisikie na kujibu, na mifupa ipate vifaa vya kujengea. Peptidi zinazouzwa kwenye simu zinagusa hatua ya kwanza peke yake. Zinaiga sauti ya mwenye nyumba. Kama kapita hasikii, ao kama matofali hamna, kupiga kelele hakupandishi ukuta.

Maabarani, kuiga sauti hiyo kuna faida kubwa. Mtafiti akitia peptidi kwenye seli za tezi, kisha akapima homoni inayotoka, anajua kama hatua ya kwanza inafanya kazi. Hospitalini pia, sermorelini ilitumiwa kupima watoto wafupi: ikiwa tezi inajibu vizuri, shida iko mahali pengine. Ni chombo cha kutafuta mahali ujumbe unapokwama.

Yale yaliyojulikana kwa Wambuti na Watwa

Moja ya maswali ya kwanza ya watafiti wa homoni lilihusu watu wa misitu ya Afrika ya kati. Kwa nini Wambuti na ndugu zao ni wafupi? Wengi walidhani wanakosa homoni ya kukua. Mwaka 1969, kundi la David Rimoin na Thomas Merimee lilichapisha matokeo ya kazi yao kati ya Wababinga wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Homoni ilikuwapo ya kutosha. Lakini walipowapiga sindano ya homoni ya kukua, miili yao ilijibu kidogo kuliko ya watu wengine. Kwa mfano wetu, mwenye nyumba anasema vizuri, ila kapita anasikia kwa sauti ya chini.

Baadaye ikafika zamu ya Ituri. Mwanaantropolojia Robert Bailey alikuwa amefuata kwa miaka watoto wa Waefe na wa majirani zao Walese, wakulima. Katika miaka ya 1990, yeye pamoja na madaktari wa Marekani, kati yao Mitchell Geffner na David Golde, walichunguza seli za damu zilizotokana na Waefe. Seli hizo zilijibu kidogo hata zilipopewa IGF-1 yenyewe. Mwaka 2014, uchunguzi uliolinganisha Watwa wa kusini-magharibi mwa Uganda na majirani zao Wakiga ulipata sehemu 16 za urithi zinazohusiana na ufupi, na ndani yake kulikuwa na nyingi zinazogusa njia ya homoni ya kukua. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba Wabaka wa Kameruni wanazaliwa na ukubwa wa kawaida na kupunguza mwendo katika miaka miwili ya kwanza, wakati Waefe wanazaliwa tayari wadogo. Kumbe ufupi unaofanana kwa macho unaweza kupita njia tofauti.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. Kwanza, ufupi wa Mmbuti ao Mtwa mwenye afya si ugonjwa, na hakuna wa kumtafutia sindano. Pili, mtoto wa Mtwa anaweza kuwa mfupi kwa urithi na pia akawa na njaa. Muganga anayesema "hao ndio walivyo" na kuacha kumpima, anaweza kupita karibu na bwaki bila kuiona. Sheria namba 22/030 ya mwaka 2022, inayolinda watu wa asili wa Kongo, inawahakikishia haki zao, na huduma za afya ni kati ya hizo. Watu ambao damu yao imefundisha dunia wana haki ya kupimwa kama wengine kwenye kituo cha afya.

Bwaki: amri inatolewa, ukuta haupandi

Jina bwaki linajulikana Kivu nzima. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, ngozi inachubuka, hataki kucheza. Wafaransa na Waingereza wanasema kwashiorkor. Mahali ambapo bwaki imechunguzwa muda mrefu ni Lwiro, katika eneo la Kabare, kaskazini ya Bukavu. Taasisi ya utafiti IRSAC, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, ilijenga hapo makao yake makubwa. Wakaaji wa Uvira wanaijua kwa upande mwingine: kituo cha utafiti wa maji na samaki cha Uvira, CRH, kina asili yake katika taasisi hiyo hiyo.

Kama mtu angesikia kwamba mtoto wa bwaki hakui, angefikiri kwamba homoni ya kukua imepungua. Ni kinyume. Mwaka 1966, Bernard Pimstone na wenzake wa Cape Town walipima damu ya watoto wenye kwashiorkor wakakuta homoni ya kukua iko juu sana. Walipowalisha protini, ikashuka. Huko Kampala nako, mwaka 1973, watafiti walionyesha kwamba jinsi mtoto anavyoendelea kuingia katika kwashiorkor, homoni hiyo inazidi kupanda. Mwaka huo huo, kazi nyingine ya Cape Town ilionyesha kwamba ujumbe wa pili, ule tunaouita leo IGF-1, ulikuwa chini kwa watoto hao.

Sababu yake inaeleweka kwa kila mwenye jamaa. Chakula kikipungua nyumbani, baba na mama wanaacha kununua matofali ili wanunue unga. Mwili nao unafanya hivyo. Ini linapunguza IGF-1 ili kukua kusimame, na homoni ya kukua inayobaki juu inasaidia kuchoma mafuta ili ubongo na moyo vipate nguvu ya kuishi. Kusimama kwa kukua ni namna ya mwili kujiokoa.

Sasa fikiria mtu anamchoma mtoto huyo peptidi ya kuamsha homoni ya kukua. Anapiga kelele kwenye nyumba ambamo kelele tayari ni nyingi. Na kulazimisha mwili mgonjwa kunaweza kuua. Mwaka 1999 madaktari wa Ulaya walitangaza majaribio mawili kwa watu wazima waliokuwa mahututi hospitalini. Walidhani homoni ya kukua kwa kipimo kikubwa itawarudishia nguvu. Vifo vya waliopewa homoni vilikuwa karibu mara mbili ya vifo vya wale ambao hawakupewa.

Maji machafu pia yanazima ujumbe

Chakula si kitu pekee. Mwaka 2014, watafiti waliofuata watoto wachanga Zimbabwe walionyesha kwamba wale waliodumaa walikuwa na alama nyingi zaidi za uvimbe wa ndani katika damu, na IGF-1 yao ilikuwa chini. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, ao ambaye utumbo wake unapigana kila siku na vijidudu, anatumia nguvu zake kwa vita hivyo, na ini linapunguza amri ya kukua hata kama sahani ina chakula.

Kwa mji kama Uvira, ambako kipindupindu kinarudi kila mara na jamaa nyingi zinachota maji ya ziwa ao ya mto, jambo hili ni zito. Bomba la maji safi, choo, na sabuni ya kunawa mikono ni sehemu ya njia ya homoni ya kukua, ingawa hakuna anayeviita hivyo.

"Kwa utafiti tu": maana yake nini?

Maneno hayo kwenye chupa yana uzito. Yanasema kwamba hakuna mamlaka ya dawa iliyohakikisha kilicho ndani, kipimo chake, wala usafi wake. Unga unaofaa kutiwa kwenye seli maabarani unaweza kuwa na mabaki ya kemikali ao vijidudu, na ukipigwa sindano unaingia moja kwa moja mwilini. Tena peptidi ni vitu dhaifu: zikishachanganywa na maji zinahitaji baridi. Katika joto la pwani ya Tanganyika, penye umeme wa kukatika, nani anajua chupa imepitia wapi?

Historia ina onyo lake. Kabla ya mwaka 1985, homoni ya kukua ilitolewa katika vichwa vya maiti, kwa watoto ambao tezi zao kweli zilikuwa hazifanyi kazi. Sehemu ya homoni hiyo ilibeba ugonjwa wa kuharibu ubongo, na katika Ufaransa peke yake zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka huo 1985 ndipo homoni iliyotengenezwa maabarani ilikubaliwa Marekani. Hiyo ilikuwa nchi yenye hospitali kubwa na wakaguzi.

Kwa mtu mzima, ncha za mifupa zimeshafunga. Peptidi haiwezi kumrefusha. Homoni ya kukua ikizidi kwa muda mrefu, inaweza kunenepesha mikono, miguu na taya, na kuleta ugonjwa wa sukari. Kwa vijana wa mpira na ngumi, wajue pia kwamba peptidi hizo ziko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni.

Kuna dawa nyingine iliyo karibu zaidi na wakaaji kuliko peptidi: vidonge vya kunenepa vyenye dexamethasone, ambavyo watu wengine wanameza bila karatasi ya daktari. Mwili unavimba, mtu anaonekana amenona. Kwa mtoto, dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu inapunguza kukua na kudhoofisha kinga.

Nini kinasaidia kweli?

Watoto wachache sana wana shida ya tezi yenyewe. Alama yake ni mtoto anayekula vizuri, asiye na magonjwa ya kurudia, lakini mwaka baada ya mwaka anaachwa nyuma kwa urefu. Huyo anahitaji kuonwa na daktari bingwa na kupimwa damu, na dawa yake ni homoni iliyoandikwa na daktari. Haitolewi kwa kubahatisha.

Kwa wengine wote, kazi inaanza CPS, pale wanapopima watoto kila mwezi. Uzito peke yake hautoshi. Mama ana haki ya kuomba urefu nao upimwe na kuandikwa kwenye karatasi ya mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, mkanda wa mkono ukifika kwenye nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hatari. Rangi ya njano, mpaka sentimita 12.5, ni onyo. Tena bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, usingoje siku ya CPS: mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mnene.

Nyumbani, shanga za kujenga mwili ziko sokoni. Ndagala zilizosagwa na kutiwa katika uji, maharagi, karanga, soya, yai likipatikana. Bugali wa muhogo peke yake unashibisha tumbo lakini una protini kidogo sana. Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama yanatosha. Baada ya hapo yaendelee pamoja na chakula mpaka miaka 2. Na mama mwenye mimba ale pia, juu kukua kunaanza tumboni.

Muda ni mfupi. Watafiti waliowatafuta watu waliotibiwa bwaki Lwiro wakiwa watoto, kati ya 1988 na 2007, walikuta kwamba wengi wameishi na wamekuwa watu wazima. Lakini kwa wastani walikuwa wafupi kidogo kuliko wenzao, na hawakufika mbali shuleni kama wao. Matibabu yaliwaokoa, siku zile za njaa zilibaki mwilini. Ndiyo maana franka zinazotafutwa kwa ajili ya chupa ya unga mweupe zina kazi nyingine ya haraka: ndagala, sabuni, na pesa ya pikipiki ya kumfikisha mtoto kwenye kituo cha afya kabla hajavimba.